Siku Niliyojitambulisha Nikiwa Juu ya Gurudumu

Nianze kwa kukiri, maana watu wa Kasulu wakisoma hapa wataanza kucheka kabla sijafika popote: ndiyo, yule mwanaume aliyesimama kileleni mwa gurudumu la michezo siku ya Idi, akapiga kelele mbele ya umati kueleza jambo ambalo hakuna aliyemuuliza, ni mimi. Na si kweli kwamba nilikuwa nalia. Macho yalikuwa yanatoka machozi kwa upepo (mnaona, hata leo nashindwa kuacha jambo lipite bila kulifafanua, na ugonjwa huu ndio ulioniponza).

Kazi yangu ni kufundisha ufugaji wa nyuki. Naishi Kibondo na nazunguka vijijini, Kitahana na kwingineko, nikiwaonyesha wakulima namna ya kutundika mzinga na kurina asali bila kukimbizwa. Anayejifunza nyuki huogopa, na mtu mwenye hofu humweleweshi kwa kumfokea, unamweleza polepole, mara ya kwanza, mara ya pili, hata mara ya tano, mpaka mikono iache kutetemeka. Kwa hilo najisifu. Tatizo ni kwamba mtu akishazoea kueleza, mdomo hauulizi tena ruhusa.

Wakati huo nilikuwa nimemchumbia Adelina, fundi cherehani wa Kasulu mjini, kwao kijijini Titye. Barua ya posa ilikuwa imepokelewa, na Jumamosi iliyofuata baada ya Idi wazee wangu walikuwa wanipeleke Titye kujitambulisha rasmi. Kwa ambaye hajui mambo yetu: kabla ya siku hiyo, mimi na mama yake Adelina hatujuani. Nimemwona kanisani kwa mbali mara mbili, yeye ana picha yangu kwenye simu, lakini kimila hatujuani. Na hata tukishajuana, mkwe na mama mkwe hawakai kiti kimoja, hawashikani mikono, wala hawali wakitazamana. Hiyo ndiyo heshima, na mama Adelina katika heshima hana utani. Mchumba aliyetangulia kabla yangu alikataliwa kwa sababu alimwamkia akiwa na mkono mfukoni. Mkono mmoja tu, jamani, wa pili ulikuwa nje kabisa.

Kwa hiyo Adelina aliniambia mapema, "Zabroni, mpaka Jumamosi ipite usifanye kitu. Si kizuri, si kibaya. Kaa tu."

Nikaahidi. Lakini mwezi mzima wa Ramadhani alikuwa kwenye cherehani akishona kanzu na magauni ya watu, mgongo unamuuma, macho mekundu, na siku moja akaniambia hakumbuki mara ya mwisho alicheka lini. Basi niliposikia kwamba malori yamefika Kasulu na michezo ya sikukuu, gurudumu kubwa la viti, magari ya kugongana, bembea za minyororo, puto la watoto kurukia, nikasema Idi yote ni ya Adelina, na siku hiyo nitaipanga mimi.

Nikueleze nilivyopanga, maana mpango wenyewe haukuwa mbaya na hata wewe unaweza kuutumia. Nilifika Kasulu siku moja kabla, nikaenda uwanjani wakati mafundi wanafunga nati, nikaupima uwanja kwa hatua. Jambo la kwanza: watu wakiingia mahali penye mambo mengi husimama kwenye kitu cha kwanza wanachokiona, kwa hiyo wewe usisimame, nenda moja kwa moja mpaka mwisho wa uwanja, uanzie huko ukirudi. La pili, kula mapema kabla wengine hawajasikia njaa. La tatu, na hapa ndipo wengi wanakosea, usijaze siku nzima, acha nafasi tupu, kwa sababu mvua itanyesha, mtu atachoka, kiatu kitakatika. Kwenye ratiba yangu nafasi hizo niliziandika "nafasi ya lolote". Zilikuwa mbili.

Nilimwonyesha Sudi, rafiki yangu mwenye duka la vitambaa, ambaye ukoo wao ulitoka Tanga zamani na ndiye angetulisha pilau mchana. Aliisoma mpaka chini akaigeuza kutafuta nyuma.

"Sheikh, hii ni Idi au ni mtihani wa darasa la saba?"

"Ni mpango unaonyumbulika."

"Hapa umeandika 'Saa tano na nusu, Adelina acheke.' Asipocheka?"

"Kuna nafasi ya lolote saa sita kasorobo."

Sudi alinirudishia karatasi yangu kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu.

Asubuhi ya Idi kila kitu kilikwenda kama nilivyosema. Saa tatu na nusu tulikuwa getini. Watu wakajazana kwenye puto la kwanza, sisi tukapita. Kamvua kakanyesha, nafasi ya lolote ya kwanza ikakameza, ndani ya mabanda tukala chapati huku wengine wakilowa. Adelina alikuwa ameanza kulegeza mabega. Kwenye magari ya kugongana alinigonga mara nne na nadhani mbili kati ya hizo zilikuwa za makusudi. Nikatazama saa: tulikuwa mbele ya ratiba kwa dakika ishirini. Ishirini! Hapo ndipo kiburi kiliponiingia.

Likabaki gurudumu. Foleni yake ilikuwa ndefu, inajikunja mpaka kwenye mahindi ya kuchoma, na kila kiti kilikuwa cha watu wawili, hakiondoki na mmoja kwa sababu kinaelemea upande. Kijana aliyekuwa anapandisha watu, mwenye kipaza sauti shingoni na lafudhi ya Dar es Salaam, alikuwa anapaza, "Natafuta mmoja! Kiti kina nafasi ya mmoja! Aliye peke yake aje mbele fasta!"

Nilimgeukia Adelina. "Unaona? Wawili wanasubiri nusu saa, mmoja hasubiri. Mimi naingia sasa, wewe unaingia kwenye nafasi ya mmoja itakayofuata, tunakutana chini. Tunaokoa muda."

"Tunauokoa tuupeleke wapi?" akauliza Adelina.

Swali zuri kabisa. Sikulijibu, nilikuwa nimeshakimbia.

Nilipanda nimeinamisha kichwa, nimeshika kofia, kijana akashusha chuma cha kutuzuia kwa kishindo, ta! Kiti kikayumba, tukaanza kupanda. Ndipo nikageuka kumwamkia niliyekaa naye, kama mtu mwenye malezi. Nikaona kitenge cha njano. Nikaona shavu. Nikaona kidoti juu ya nyusi ninachokifahamu kwa sababu Adelina ana kama hicho hicho.

Alikuwa mama yake.

Baadaye nilielewa yote. Alikuja mjini na jirani yake kumletea ndugu maharage, wakapita kuangalia sikukuu, jirani akamshawishi wapande, na chuma kilipokuwa kinashuka jirani yuleyule akapata hofu akaruka nje. Ndiyo maana kukawa na nafasi ya mmoja. Lakini wakati ule sikuwaza hayo. Niliwaza kiti kimoja, mama mkwe, siku tano kabla ya kujitambulisha. Nikasogea ukingoni mpaka nikabaki nimekalia tako moja, nikampa mgongo. Nikasikia naye anajikunja upande wake. Tukapanda hivyo, migongo imetazamana, kama watu waliogombana kitandani (Mungu nisamehe kwa mfano huo).

Sasa, salamu. Mkubwa haachwi bila salamu hata kama mnaning'inia hewani, na kwetu salamu ya mkubwa si neno moja. Unainama kidogo, unapiga makofi ya polepole, unauliza habari za nyumba, watoto, mifugo, shamba, na haikatwi katikati. Ikikatika unaanza upya. Na makofi yanataka mikono miwili. Kwa hiyo nikaachia chuma.

"Mwakeye, mama," nikaamkia kwa lugha ya kwetu, nikiitazama milima ya upande wangu. Pa, pa, pa.

"Mwakeye, kijana," akajibu akiitazama milima ya upande wake. Pa, pa, pa. Naye alikuwa ameachia chuma.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na maharage ya msimu hu—" na hapo tukafika kileleni, kiti kikadondoka upande wa pili, tumbo langu likabaki juu, "—uuuuuu!"

"Yamekaukaaa!" akapiga kelele mama Adelina.

Ikawa imekatika. Tukaanza upya. Mwakeye, pa, pa, pa, nyumbani, watoto, tukifika maharage tunadondoka. Mzunguko wa pili hivyohivyo. Mzunguko wa tatu, tulipopita chini, nikasikia mwanamke anasema, "Wale ni watu wa kwaya," na mwingine akasema hapana, wanaliombea gurudumu, na watu wenye moyo mwema wakaanza kutupigia makofi ili kutusaidia. Mzunguko wa nne uwanja mzima ulikuwa unapiga. Pa, pa, pa! Kijana wa kipaza sauti akashika mdundo wake. Na sisi tukawa hatuwezi kuacha, maana mimi siwezi kuacha kabla ya mkubwa, na yeye hawezi kuacha kabla hajafika mwisho wa maharage.

Halafu jenereta ikazima.

Ilizima bila kikohozi. Muziki ukafa, magari ya kugongana yakasimama, na gurudumu likasimama nasi juu kabisa, Kasulu yote chini yetu, mabati na migomba. Hakukuwa na kelele hata kidogo. Tafadhali kumbuka ukimya huo.

"Kijana," mama Adelina akasema kwa sauti ya chini.

"Naam, mama."

"Mimi sikujui."

Nikadhani urefu umemchanganya. Nimewahi kumwona mkulima aliyeumwa na nyuki wengi akasahau jina la mkewe. Nikaanza kumtuliza kama ninavyowatuliza wakulima, nikamweleza kwamba asiogope, uzito umegawanyika sawa pande zote, ni kama mzinga kwenye tawi, unayumba lakini hauanguki, isipokuwa kama tawi—

"Kijana. Sikujui, na wewe hunijui. Umesikia?"

Nilipoinama kuomba radhi, ratiba ikanichomoka mfukoni ikamwangukia miguuni. Nikamsikia anaifungua. Anasoma vizuri, mama yule, alisomea kwa masista.

"Saa tano na nusu," akasoma, "Adelina acheke." Akaikunja karatasi. Kisha, kwa upole ambao sikuutegemea, "Huyo Adelina ni binti wa nani?"

"Mama, si ni binti—"

"Wa watu. Sema ni binti wa watu."

"Ni binti wa watu," nikasema. Na hapo, polepole, nikaanza kuelewa. Mama alinitambua tangu nilipopanda. Alikuwa ananishika mkono bila kunishika. Kama hakuna anayesema lolote, basi kijana asiyefahamika amepanda gurudumu na mama asiyefahamika, wakashuka, kila mtu kwao. Hakuna mwiko uliovunjwa. Kilichotakiwa kwangu ni kitu kimoja tu, kukaa kimya, na nawaambia ukweli ndugu zangu, nilikuwa nimeamua kukaa kimya.

Kipaza sauti kilikuwa na betri yake.

"Oya wanangu tulieni, jenereta inapumua kidogo! Na wale wapendanao wetu kiti cha juu kabisa, msiwe na haraka, nyie mnafaidi!"

Uwanja ukacheka. Mama Adelina akavuta kitenge akajifunika kichwa chote.

"Bro, mkumbatie mwenzio, huko juu kuna baridi!"

Wakacheka tena. Niliona watu wa Titye chini pale, nilimwona yule jirani aliyeruka amejishika mbavu, nilimwona Adelina katikati ya umati, mikono mdomoni. Nyuma yangu mama wa watu, aliyelea watoto sita kwa jembe, anaitwa mpenzi wa mtu kwenye kipaza sauti. Ningeweza kunyamaza. Lakini lilikuwa kosa, mnaelewa? Lilikuwa jambo la uongo, linasemwa kwa sauti, na watu wengi walikuwa wanalichukua hivyohivyo kupeleka nyumbani.

"Kijana, kaa," mama akasema.

Nikasimama.

"Siyo wapendanao!" nikapaza. "Mnakosea! Mimi ni Zabroni, mtaalamu wa nyuki wa Kibondo! Nimemchumbia Adelina, fundi cherehani wa pale sokoni! Huyu ni mama yake! Ni mama mkwe wangu! Jumamosi nakwenda kujitambulisha!"

Unakumbuka ule ukimya? Nilisikika mpaka msikitini. Hakuna aliyecheka. Wakubwa wote waliokuwa pale walishusha macho, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta kuna mtu. Na kwa kuwa ukimya huniogopesha, nikaongeza ufafanuzi: kwamba viti ni vya wawili wawili, kwamba jirani yake aliruka, kwamba mimi nimekalia tako moja tu.

Nyuma yangu mama Adelina akashusha pumzi ndefu.

"Haya," akasema. "Sasa umenijua."

Jenereta iliporudi tulishuka bila neno. Alitoka kwenye kiti, akanyoosha kitenge, akapita katikati ya watu ameinua kidevu, watu wakimpisha. Adelina alikuwa amekaa chini kwenye nyasi, anacheka mpaka machozi, hawezi hata kupumua, na aliponiona nimesimama mbele yake kicheko kikakatika ghafla.

"Zabroni," akasema, "nilikuomba kitu kimoja. Ukae tu."

Nikavua kofia. Sudi alikuja na kanzu yake mpya akaniwekea mkono begani. "Twende tukale pilau, sheikh. Njiani usimweleze mtu kitu."

Siku tatu wazee wa Titye walikaa wakijadili. Nilikuwa Kibondo, sili, nyuki wenyewe walinionea huruma. Mjomba wake Adelina alisema mtu aliyejitambulisha mwenyewe, tena kutoka hewani, amewaruka wazee wake na hafai. Wengine wakasema ni mtoto tu, mdomo wake ndio mkubwa. Siku ya nne shangazi yake Adelina akanipigia simu.

"Mama yake amesema mje Jumamosi. Mlete kitenge kipya na jogoo, faini ya kufuta aliyoyaona. Na sharti moja, mwanangu. Tangu unapoingia uani mpaka unapotoka, hutafungua mdomo."

"Hata kuamkia?"

"Utapiga makofi. Ndiyo, tumeambiwa unayaweza."

Jumamosi nikaenda. Mikono yote nje. Nilikaa kwenye mkeka nyuma ya baba yangu mdogo, ambaye ndiye msemaji wetu, na nikateseka kama sijawahi kuteseka na nyuki. Baba mdogo alisema nina umri wa miaka ishirini na saba. Nina thelathini na moja. Alisema nafuga ng'ombe. Alisema Kitahana iko upande ambao haiko. Kila kosa lilipanda kooni kwangu, nikalimeza, likashuka kama gimbi lisiloiva.

Mama Adelina alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango, kama inavyotakiwa. Mwishoni shangazi akatoka, akasimama katikati ya ua.

"Mama anauliza. Kuna mtu hapa amewahi kumwona kijana huyu?"

Nikatazama watu. Alikuwepo yule jirani aliyeruka kwenye kiti. Walikuwepo wanaume wawili waliotupigia makofi. Alikuwepo Sudi, aliyekuja na gari lake kunisindikiza. Mjomba alikuwa na uso wa jiwe.

"Hatujawahi kumwona," wakasema mmoja mmoja, kwa unyenyekevu, kama watu wanaoapa.

"Na wewe, kijana," shangazi akanigeukia, "umewahi kumwona mama wa nyumba hii? Jibu kwa kichwa."

Nina jibu la swali hilo lenye urefu wa saa nzima, na ramani. Nilitikisa kichwa: hapana.

Pazia la mlango likatikisika. Kisha nikasikia makofi ya polepole, pa, pa, pa, na sauti ikasema, "Mwakeye, wageni. Karibuni. Maharage yamekauka vizuri mwaka huu," na ua mzima ukaanza kukohoa kwa pamoja.

Tulioana, na siku za matembezi bado nazipanga mimi, na bado nakushauri uanzie mwisho wa uwanja na uache nafasi ya lolote. Lakini nimeapa kitu kimoja. Nikikalishwa karibu na mtu nisiyemjua, nitaendelea kutomjua mpaka tushuke.